Mamlaka ni ya kiti, ushawishi ni wa nani?

ALHAMISI ya Januari 6, 2022, Job Ndugai, ambaye kwa itifaki za nchi alikuwa mkuu wa mmoja wa mihimili mitatu ya dola, alitangaza kujiuzulu uspika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano. Katika taarifa yake kwa umma alieleza kuwa uamuzi huo ulikuwa wake binafsi na wa hiari, na kwamba barua ya kujiuzulu alikuwa amemwandikia Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi (CCM). Katibu wa Bunge alipelekewa nakala.

Wapo waliohoji wakati ule iweje kiongozi aliyechaguliwa kwa kura za wabunge apeleke barua yake kwenye ofisi ya chama. Swali hilo lilikuwa la kisheria, lakini jibu lake halikuwa la kisheria. Ndugai alikuwa mwanasiasa mzoefu. Aliipeleka barua mahali alikojua kuwa kiti chake kilitoka.

Chanzo cha yote kilikuwa maneno machache aliyoyasema jijini Dodoma mwishoni mwa Desemba 2021, katika mkusanyiko wa Wagogo wenzake, akihoji mwenendo wa Serikali wa kukopa na kuonya kwamba nchi ingeweza kufika mahali pa kupigwa mnada. Miezi michache nyuma, Serikali ilikuwa imepata mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa kukabiliana na athari za Uviko-19. Januari 3 Ndugai aliomba radhi hadharani. Siku iliyofuata Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kusikitishwa kwake, akiyahusisha maneno hayo na joto la uchaguzi wa 2025. Siku mbili baadaye kiti kilikuwa wazi.

Makumi ya wana CCM walichukua fomu kukiwania. Kamati Kuu ya chama hicho ikapitisha jina moja, la Dk Tulia Ackson, naye Februari 1 akachaguliwa na Bunge kwa kura zote 376.

Ni vema ikumbukwe kuwa Spika huyo huyo aliyeondoka kwa sababu ya maneno ya mkutanoni ndiye aliyeongoza Bunge lililopitisha azimio, Aprili 2019, la kutofanya kazi na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad. Ndiye pia aliyetangaza, Juni mwaka huo, kwamba Tundu Lissu amepoteza ubunge wa Singida Mashariki, wakati Lissu akiwa nje ya nchi kwa matibabu ya majeraha ya risasi. Katika matukio hayo hakuna aliyethubutu kusema kwamba Spika hana nguvu. Nguvu zilikuwapo, tena nyingi. Zilikoma pale tu zilipogeuka na kuelekea upande zilikotoka.

Kiswahili kinayo maneno ya kutosha ya kuzitenganisha hali hizi, ingawa wasemaji wengi huyachanganya. Madaraka ni ya cheo. Mtu huyakuta ofisini na huyaacha ofisini. Mamlaka ni ruhusa ya kisheria ya kuamuru. Ushawishi ni jambo jingine kabisa. Hauna hati ya kiapo wala gari lenye bendera, na mwenye nao hawezi kumshurutisha mtu. Mitaani watu husema fulani ana kauli, au fulani ni mzito, na mara nyingi anayetajwa hana ofisi yoyote. Na lipo neno kigogo, ambalo magazeti ya nchi hii yamelitumia kwa miaka mingi kwa wote wawili, aliye na cheo na aliye na jina tu, kana kwamba tofauti kati yao si kitu.

Tofauti hiyo ni kubwa, na historia ya siasa za Tanzania tangu 1985 inaweza kusomwa yote kupitia kwayo.

Mwalimu Julius Nyerere aling'atuka urais Novemba 5, 1985 na kumkabidhi Ali Hassan Mwinyi. Hakukabidhi kila kitu. Aliendelea kuwa Mwenyekiti wa CCM hadi Agosti 1990, katika zama ambazo Katiba yenyewe ilikitambua chama kuwa ndicho chenye kushika hatamu. Kwa karibu miaka mitano, kwa hiyo, nchi ilikuwa na Rais aliyekuwa na jeshi, hazina na baraza la mawaziri, na Mwenyekiti aliyekuwa na chama kilichokuwa juu ya vyote hivyo. Hapo ndipo ulipoanza mjadala wa kofia mbili, ambao haujawahi kufa.

Kwa maandishi, Mwalimu alikuwa na neno la mwisho. Hata hivyo, Agosti 1986 Serikali ya Mwinyi ilifikia makubaliano na IMF, shirika ambalo Nyerere alikuwa amelikataa masharti yake kwa miaka mingi akiwa Ikulu. Shilingi ilishushwa thamani na milango ya biashara ikafunguliwa. Rafu za maduka zilizokuwa tupu zilikuwa na hoja nzito kuliko Mwenyekiti. Miaka mitano baadaye, Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, na Mwalimu, ambaye sasa hakuwa na cheo chochote, alibaki kulalamika kwamba hakuelewa Azimio lilikuwa na kasoro gani.

Kama hadithi yake ingeishia hapo, angehesabiwa kuwa mzee mstaafu ambaye wakati ulimpita. Haikuishia hapo.

Mwaka 1990 alisema kwamba si dhambi kuujadili mfumo wa vyama vingi. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa 1991 kukusanya maoni, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliohojiwa wakitaka chama kimoja kiendelee, na asilimia 20 tu wakitaka vingi. Tume ilipendekeza vingi, chama tawala kikakubali, na sheria ikabadilishwa 1992. Si kawaida asilimia 20 kuishinda asilimia 80. Upepo ulikuwa umebadilika duniani, ni kweli, lakini ndani ya CCM wapo wengi ambao wasingeyumba kwa upepo wa Ulaya Mashariki. Waliyumba kwa sababu mtu wa Butiama alikuwa amesema.

Mwaka 1993 wabunge 55, waliokuja kujulikana kama G55, walipeleka hoja ya kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na Agosti Bunge likaridhia. Mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kumfukuza kazi hata tarishi wa wizara alisimama kupinga, na mwaka uliofuata akatoa kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kilichowanyooshea kidole Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM, Horace Kolimba, kwa majina. Agosti 1994 Bunge liligeuka na kuitupa hoja liliyokuwa limeikubali. Kabla ya mwaka kwisha, Malecela hakuwa tena Waziri Mkuu na Kolimba hakuwa tena Katibu Mkuu.

Machi 1995 akawaita waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro na kuzungumzia nyufa za taifa. Julai, Mkutano Mkuu wa CCM ulikutana Dodoma kumchagua mgombea urais. Katika duru ya pili Benjamin Mkapa alipata kura 686 na Jakaya Kikwete 639. Tofauti ilikuwa kura 47, na hakuna aliyekuwapo ambaye hakujua Mwalimu alikuwa anamtaka nani.

Siri ya nguvu hizo imeelezwa kwa namna nyingi: uasisi wa taifa, uadilifu, ufasaha, na nyumba ya kawaida aliyorudi kuishi. Yote hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Lipo jambo la tano ambalo husahaulika kwa kuwa linaonekana dogo. Nyerere alikuwa na mahali pa kusemea. Alipokuwa na hoja, vikao vya CCM vilimfungulia milango, waandishi walikwenda alikowaita, na redio ya taifa ilimtangaza. Ushawishi wake ulikuwa na nyumba ya kufikia. Mwingine yeyote mwenye hoja zile zile, akiwa nje ya vikao hivyo, angeitwa mchochezi.

Augustino Mrema alilijua hilo vizuri. Huyu alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu mwenye umaarufu uliowatisha wakubwa wake. Alipotoka CCM mapema 1995 na kujiunga na NCCR-Mageuzi, vijana walilisukuma gari lake kwa mikono barabarani. Kura zilipohesabiwa alikuwa na asilimia 27.8, na Mkapa 61.8, baada ya Mwalimu kuzunguka nchi akimnadi mgombea wa chama chake. Umaarufu wa Mrema ulikuwa wa kweli. Nyumba aliyohamia ndiyo ilikuwa ndogo.

Miaka 20 baadaye likaja jaribio kubwa zaidi. Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 7, 2008, baada ya kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk Harrison Mwakyembe kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond. Alikana kufanya kosa. Tangu siku hiyo hadi 2015 alikuwa mbunge wa Monduli, cheo ambacho wakati huo kilikuwa na watu zaidi ya 300 nchini.

Lakini hakuna aliyemhesabu kuwa mmoja wa hao 300. Aliongoza harambee makanisani na misikitini. Wajumbe wa vikao vya juu vya chama waligawanyika kati ya waliomuunga mkono na waliomhofia. Mtandao uliomwingiza Kikwete Ikulu mwaka 2005 kwa asilimia 80 ya kura ulikuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya mikono yake, na mtandao ni kitu ambacho hakijiuzulu pamoja na mwenye nao.

Hapa ndipo swali la fedha huingia, na si haki kulikwepa. Nchi iliyowahi kuhalalisha takrima kwa sheria ya uchaguzi mwaka 2000, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta 2006, haiwezi kujifanya haijui namna ushawishi unavyonunuliwa. Wapinzani wa Lowassa walisema wake ulikuwa wa aina hiyo. Wafuasi wake walisema ni mtu mkarimu na mchapakazi. Kilicho hakika ni kwamba fedha huweza kuwaleta watu uwanjani. Kuwafanya watu zaidi ya milioni sita wapange foleni juani kwa siri ya sanduku ni kazi ambayo fedha peke yake haijapata kuonekana ikiifanya.

Julai 2015, mjini Dodoma, Kamati Kuu ya CCM ililikata jina lake kabla halijafika kwenye kura. Wajumbe wa Halmashauri Kuu walimpokea Mwenyekiti wao, Rais Kikwete, kwa kuimba jina la mtu aliyekatwa. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitenga hadharani na uamuzi huo. Halmashauri iliimba, kisha ikapiga kura kuchagua miongoni mwa majina matano ambayo Lowassa hakuwamo. Mwishowe John Magufuli, ambaye hakuwa na mtandao wa kutajwa, akawa mgombea. Ushindi wa kiti dhidi ya jina ulikuwa umekamilika, ndani ya chama.

Nje ulikuwa haujaanza. Julai 28 Lowassa alihamia Chadema, akawa mgombea wa vyama vilivyoungana chini ya Ukawa, na Oktoba akapata kura 6,072,848, karibu asilimia 40. Magufuli alipata 8,882,935. Upinzani haukuwa umewahi kufikia idadi hiyo. Haya yalitokea huku Chadema ikiwa imempokea mtu ambaye kwa miaka saba ilimtaja majukwaani kama mfano wa ufisadi, jambo lililomfanya Dk Willibrod Slaa, aliyekuwa Katibu Mkuu wake, ajiweke pembeni. Machi 1, 2019 Lowassa alirudi CCM. Alifariki dunia Februari 10, 2024 na kuzikwa Monduli kwa heshima za kiongozi wa taifa.

Nchimbi, kwa upande wake, alipewa onyo kali na chama mwaka 2017, akatumikia nje kama balozi, akarudi kuwa Katibu Mkuu wa CCM Januari 2024, na Novemba 2025 akaapishwa kuwa Makamu wa Rais. Aliyekaa ndani na kusubiri alifika mbali kuliko aliyetoka na kura milioni sita. Vijana wa chama hicho hawahitaji kufundishwa somo hilo mara mbili.

Mrema na Lowassa walilazimika kutafuta chama kingine kwa sababu moja ya kisheria. Katiba inataka kila mgombea apendekezwe na chama cha siasa. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda kesi ya mgombea binafsi Mahakama Kuu mwaka 1994, na akashinda tena 2006. Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba suala hilo ni la Bunge kuamua, si mahakama. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilimpa Mtikila ushindi dhidi ya Serikali. Uchaguzi wa 2015 ulifanyika bila mgombea binafsi, wa 2020 vivyo hivyo, na wa 2025 vivyo hivyo. Ongeza hapo kwamba mbunge anayepoteza uanachama hupoteza kiti, na kwamba Katiba, ibara ya 41, hairuhusu mahakama kuchunguza uchaguzi wa mtu aliyekwisha kutangazwa kuwa Rais, na picha inakamilika. Njia ya kutoka kwenye ushawishi kwenda kwenye mamlaka ni moja, na mlango wake una walinzi.

Kwa miaka 30 mlango huo ulikuwa na upenyo. Mkubwa aliyegombana na wenzake aliweza kutoka na watu wake, akapata chama, akapimwa kwenye sanduku na kushindwa. Kushindwa huko kulikuwa na faida ambayo chama tawala hakikuitambua: hasira ilihesabiwa, ikawa namba, ikaenda kulala.

Mwaka 2025 upenyo ulizibwa. Aprili, Lissu, ambaye sasa alikuwa Mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na chama chake kikaondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Luhaga Mpina, waziri wa zamani aliyetoka CCM na kujiunga na ACT-Wazalendo, alijaribu kupita njia ile ile ya Mrema na Lowassa. Baada ya mvutano uliofika hadi Mahakama Kuu, jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura. Rais Samia, aliyekuwa ameunganisha kofia mbili Aprili 30, 2021, siku 42 tu baada ya kuapishwa, wakati watangulizi wake watatu walisubiri zaidi ya miezi mitano, aligombea bila mpinzani wa uzito huo.

Mamlaka haikuwahi kuwa kamili kiasi hicho tangu vyama vingi virudi. Oktoba 29, siku ya kupiga kura, vijana waliingia barabarani Dar es Salaam na katika miji mingine. Amri ya kutotoka nje usiku ilitolewa Dar es Salaam na intaneti ikazimwa. Watu waliuawa, na idadi yao ikawa jambo la kubishaniwa kati ya Serikali, upinzani na mashirika ya haki za binadamu. Novemba 1 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilimtangaza Rais Samia mshindi kwa asilimia 97.66. Waangalizi wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) na wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukukidhi viwango.

Wasanii maarufu waliopanda majukwaa ya kampeni walikumbana na jambo ambalo halikuwa kwenye mkataba wao: mashabiki waliwageuka mitandaoni. Waliokuwa wameajiriwa kwa ajili ya ushawishi wao waligundua kuwa ushawishi huo ulikuwa wa mashabiki, nao walikuwa wameazimwa tu.

Novemba hiyo Rais aliunda tume ya kuchunguza matukio hayo, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume ingeweza kuwaita viongozi wa vyama, wa dini na wa vyombo vya dola. Kwa wale waliokuwa barabarani kazi ilikuwa ngumu zaidi. Hawakuwa na mwenyekiti wala katibu mkuu, wala ofisi ambako mtu angeweza kuwapelekea barua.